Swali la pombe kwenye benchi la kliniki ya kifua

Mtu akiketi mbele yangu kwenye kliniki ya kifua kikuu, namuuliza kwanza yale anayoulizwa kila mahali. Unakohoa tangu lini? Usiku unatoka jasho? Nguo zimeanza kukupwaya? Nyumbani kuna mwingine anayekohoa? Nikimaliza hayo namuuliza anakunywa nini, kiasi gani, na ni lini mara ya mwisho siku ilipita bila kunywa. Wengi wanashtuka. Wanadhani nesi ameacha kazi yake amehamia kwenye kazi ya mchungaji. Wengine wanageuka kutazama kama mke aliyeketi nyuma amesikia. Nawatuliza kwamba sitafuti kosa. Nataka kujua mapafu yao yana hali gani, na jibu la swali hilo linanieleza mengi, sawa na kikohozi chenyewe.

Nimefanya kazi ya uuguzi Kilimanjaro, na miaka yangu mingi imekwenda kwa wagonjwa wa kifua. Ugonjwa huu una historia ndefu mkoani kwetu. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatunza wenye kifua kikuu, enzi ambazo dawa za kuua vijidudu vyake hazijagunduliwa, na tiba ilikuwa hewa safi, chakula na kupumzika. Siku hizi dawa zipo, zinatolewa bure, na zinaponya. Bado nawaona watu wanachelewa, wanarudi, wengine wanazikwa, na katika habari nyingi za namna hiyo pombe imo.

Watu wakisema pombe inamponza mgonjwa wa kifua, wanamaanisha tabia: kusahau dawa, kulala njiani, kumaliza hela ya chakula. Hayo yapo, sikatai. Lakini hata mnywaji mwenye nidhamu, anayekula vizuri na kulala kwake, pombe inamharibia kinga ndani ya pafu lenyewe, palepale vijidudu vinapotua. Hilo watu hawaelezwi. Kanisani wanaambiwa pombe ni dhambi, kwenye vikao vya ukoo wanaambiwa inafilisi, redioni wanasikia inaharibu ini. Kwamba inamwandaa mtu kwa kifua kikuu na nimonia, wengi wanalisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamebeba kikopo cha makohozi.

Mimi ni mtoto wa Kichagga na nimekulia kwenye nyumba iliyopika mbege. Naijua harufu ya ndizi zilizopikwa mpaka zikageuka nyekundu na kuachwa siku kadhaa zichachuke, uji wa kimea cha ulezi unaochanganywa humo, na gome la msesewe linaloleta ule uchungu wake. Mahari haiendi bila mbege, na wazee hawakai kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, midomo mikavu. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya wazee wangu nikaitukana, wala sitaki. Ukiitukana mbele ya mgonjwa, umemfunga mdomo, na tangu siku hiyo kila atakachokwambia kuhusu kunywa kwake kitakuwa cha kukufurahisha wewe.

Nieleze habari za mgonjwa mmoja, jina lake nimelihifadhi. Alikuwa fundi mwashi wa makamo, mikono imepasukapasuka kwa saruji, ameletwa na mkewe. "Nesi, huyu anakohoa tangu kabla ya masika," mama akaanza. Mwenyewe akamkatiza kwamba ni vumbi la saruji tu. Alikuwa ameshanunua amoksilini dukani zaidi ya mara moja. Kila akinywa anapata nafuu kidogo, kikohozi kinarudi. Nilipomuuliza kuhusu pombe akajibu, "Kidogo, ya kutoa uchovu." Mkewe akainamisha uso.

"Kidogo" ya mtu huwezi kuiandika kwenye faili. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10 linaloitwa AUDIT, na ni zuri, ila maswali yake yanahesabu vinywaji, na mbege ya kilabuni haina lebo wala kipimo. Nguvu yake inategemea mpishi na imekaa siku ngapi. Gongo ndiyo usiseme. Nimezoea kuuliza kwa hela: "Jana umeacha shilingi ngapi kilabuni?" Mtu anayesema "kidogo" bila kupepesa macho, akiulizwa hela atakutajia kiasi halisi, kwa sababu hela anaijua kwa uchungu. Fundi akataja. Mkewe akainua uso, maana hata yeye alikuwa hajawahi kukisikia kiasi hicho. Kwa bei ya kilabu chao, alikuwa akinywa majagi ya kutosha watu kadhaa, kila siku ya Mungu, tena siku akipata malipo anaongezea na pombe kali.

Kwa bia za kiwandani hesabu ni rahisi, na ningependa kila mnywaji aijue. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, na ukaonyesha kwamba wanaokunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku, au wenye tatizo la ulevi, wana hatari ya kuugua kifua kikuu mara tatu hivi ya wengine. Gramu 40 ni chupa mbili. Nawajua watu wenye kazi za heshima ambao wakinywa chupa mbili kila jioni wanasema leo hawajanywa.

Makohozi ya fundi yalipopimwa kwa mashine ya GeneXpert, vijidudu vilikuwepo, na havikuonyesha usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Picha ya eksirei ilionyesha tundu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Niliwaita yeye na mkewe, tukaining'iniza picha dirishani penye mwanga, nikawaeleza taratibu. Mpaka leo hivyo ndivyo ninavyoeleza.

Njia ya hewa imepakwa ute, na ute huo unasukumwa na vijinywele vidogo mno ambavyo kazi yake ni kupandisha vumbi na vijidudu kutoka chini hadi kooni, mtu ateme au ameze. Pombe ya mara moja moja haivisumbui sana, hata inaweza kuvichangamsha. Ya kila siku, kwa wiki na miezi, inavifanya vizito. Kitu kibaya kikiingia haviharakishi tena kama inavyotakiwa. Halafu kuna usingizi wa mtu aliyelewa. Sisi wengine mate yakipita njia isiyo yake tunakurupuka na kukohoa. Aliyelewa sana hakurupuki. Mate yenye bakteria wa mdomoni, pengine na matapishi, yanateremka hadi mapafuni na kukaa huko. Kwa mtu mzima njia ya hewa ya kulia imenyooka zaidi kuliko ya kushoto, ndiyo maana mara nyingi nimonia ya namna hii hukutwa upande wa kulia.

Vikishapita hapo, vijidudu vinafika kwenye vifuko vidogo vya hewa, na humo kuna seli kubwa zinazoitwa makrofaji. Kazi yake ni kumeza kila kigeni na kukiua. Kijidudu cha kifua kikuu ni kikorofi: makrofaji ikikimeza, kinajua namna ya kuishi ndani yake. Inabidi makrofaji iziite seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, ziipe nguvu, na kwa pamoja zivizingire vijidudu zivibane visisogee. Inakadiriwa robo ya watu duniani wameshaambukizwa vijidudu hivi, lakini katika maisha yao yote ni asilimia 5 hadi 10 tu ya hao wanaokuja kuugua, kwa sababu kule kuzingirwa kunashika. Mnywaji wa kila siku anapungukiwa kila hatua. Makrofaji zake zinameza kwa ulegevu na kuua kwa ulegevu, maana pombe inapunguza ile akiba ya glutathioni inayozilinda zisiungue kwa kemikali zao zenyewe. Ishara zinazozituma kwa seli nyingine zinavurugika. Seli T zinapungua na kufanya kazi nusunusu. Vijidudu alivyovuta miaka iliyopita, pengine akiwa kijana, vilivyokuwa vimebanwa, vinapata nafasi.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaigusa picha kwa kidole, akasema, "Kwa hiyo mlinzi yupo getini, ila amelewa." Nilimwambia ndivyo hasa, na tangu hapo nimeyatumia maneno yake kwa wagonjwa wengi.

Pafu lenyewe halijitoshelezi. Bakteria wa nimonia wanapoingia, mwili unatakiwa kumwaga nyutrofili, zile seli nyeupe za kwanza kufika, kutoka kwenye damu na uboho wa mifupa. Kwa aliyelewa zinachelewa, na katika nimonia saa za mwanzo ndizo zinazoamua. Huku chini, pombe inalegeza ukuta wa utumbo; sumu za bakteria wa tumboni zinavuja kuingia kwenye damu na kulielemea ini, na mwili mzima unakuwa kwenye purukushani isiyoisha. Unakuta mtu kinga yake inahangaika mahali pasipo na adui, na adui wa kweli akija haipo. Baadhi ya wanywaji pia hupandisha homa kidogo tu hata wakiwa wameelemewa kabisa. Ndugu anamgusa paji la uso, anasema hana joto, kesho yake anamleta mtu anayehema mara 40 kwa dakika.

Kuna wanaonijibu, "Mimi nakunywa wikiendi tu." Watafiti wa Chicago waliwahi kuwapa vijana wenye afya pombe kali ya kutosha kulewa, wakawapima damu. Baada ya dakika 20 seli za kinga zilikuwa zimechangamka. Baada ya muda wa saa mbili, halafu wa saa tano tangu wanywe, baadhi ya seli hizo, zikiwemo zile zinazoua seli zilizoambukizwa, zilikuwa zimepungua kwenye damu. Ulevi wa usiku mmoja unaweza kudhoofisha kinga hadi saa 24. Nakumbuka kijana wa bodaboda aliyeletwa Jumatatu jioni. Jumamosi alikuwa harusini, akanywa hadi alfajiri, akalala varandani kwenye baridi. Alikuwa kijana mwenye misuli, hajawahi kulazwa. Pafu lake la kulia upande wa chini lilikuwa limejaa, na ilibidi awekwe kwenye oksijeni kwa siku nyingi kabla ya kuweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Kwa mtu mmoja huwezi kupima pombe ilichangia sehemu gani. Mama yake aliniuliza kama ni baridi. Nikamwambia baridi peke yake haimfanyi kijana wa umri ule ashindwe kukohoa usingizini.

Fundi alilazwa siku za mwanzo kwa sababu alikuwa amekonda na anatapika. Usiku wa pili ndio ulionifundisha kuwa swali la "mara ya mwisho kunywa ni lini" lazima liulizwe siku ileile ya kwanza. Nilimkuta ameketi kitandani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka hadi kikombe cha maji kinagonga meno. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia. Alikuwa anaokota kitu kwenye blanketi, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa fundi anayechagua misumari, anaweka kando. Nikamuuliza anaokota nini. "Siafu," akanijibu kwa adabu kabisa, "nani kawaleta wodini?" Jirani yake wa kitanda alishaanza kusema huyu karogwa, na mhudumu wa zamu alikuwa anatafuta kamba za kumfunga.

Hakuwa amerogwa. Ubongo uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukiikosa ghafla, unalipuka. Mtetemo unaweza kuanza saa chache baada ya mara ya mwisho kunywa, na hali mbaya zaidi huja kati ya siku ya pili na ya nne. Mtu anaweza kupata degedege, akafa. Tulimpa diazepamu ya kuutuliza ubongo, maji, na vitamini B1 ya sindano kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikitangulia kwa mtu asiye na vitamini hiyo inaweza kumuumiza ubongo. Nilikaa naye. Alfajiri siafu waliondoka.

Nalisema hili kwa familia zote: mtu anayekunywa kila siku na anayetetemeka asubuhi asipopata, msimfungie chumbani ili aache. Nimeshawapokea watu waliofungiwa na ndugu wanaowapenda, wakaletwa wakiwa na degedege. Mleteni kituo cha afya aachishwe akiwa chini ya uangalizi. Kuacha ni kuzuri. Kuacha ghafla nyumbani, kwa mtu wa namna hiyo, ni hatari kama ugonjwa wenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Fundi aliruhusiwa, akapewa vidonge vya mchanganyiko wa dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo, baadaye zibaki mbili kwa miezi minne. Mkewe akawa msimamizi wake wa dawa nyumbani. Baada ya miezi miwili alileta makohozi ya kuangalia maendeleo, na vijidudu vilikuwa bado vipo. Uzito ulikuwa umeongezeka kidogo mno. Yeye mwenyewe akaapa kwamba anameza. Nikamwomba mama tuzungumze pembeni. "Anameza, nesi," akasema, "ila siku atakayokunywa hamezi. Anasema dawa na pombe haviendani, ukichanganya unakufa. Wenzake kilabuni ndio waliomwambia, na hata huku kwenu aliambiwa asichanganye."

Huyu mtu hakuwa mkaidi. Alikuwa anajihadhari! Aliambiwa asichanganye, akachagua kuacha kile kilichokuwa rahisi kuacha, ambacho ni dawa. Kwa kuwa alikunywa karibu kila siku, dawa alizikosa siku nyingi kuliko alizomeza, na kila aliporuka alivipa vijidudu nafasi ya kujenga usugu. Jambo hilohilo limeonekana kwa wanaotumia ARV katika nchi mbalimbali: mtu anaruka dozi kwa makusudi kwa sababu ana mpango wa kunywa, akiamini vitu hivyo viwili vikikutana tumboni vinageuka sumu. Ushauri wetu wa maneno mawili, "usichanganye", unasikika tofauti kabisa kwa mtu ambaye pombe haijamwachia.

Kwa hiyo siku hizi nasema hivi, na narudia hadi mtu anirudishie kwa mdomo wake: ukinywa, meza dawa, usipokunywa, meza dawa, na hiyo pombe tutaipunguza pamoja hadi iishe. Nawaeleza vilevile kwa nini tunataka iishe. Dawa tatu kati ya zile nne, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kuliumiza ini, na ini la mnywaji limeshachoka. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni rifampisini, usiogope. Macho yakigeuka njano, kichefuchefu kisipoisha, au maumivu yakikaa upande wa kulia chini ya mbavu, njoo siku hiyohiyo, na dozi inayofuata isubiri uonwe kwanza. Miguu ikianza kuchomachoma, ni isoniazidi kwenye mishipa ya fahamu, na wanywaji wanaipata kwa wepesi zaidi. Tunawapa vitamini B6.

Tulipima upya usugu wa vijidudu vya fundi. Bado dawa zilivikamata. Angechelewa zaidi sijui tungekuwa tunaongea lugha gani. Tukapanga ameze alfajiri mbele ya mkewe, kabla ya kwenda kwenye ujenzi, ili jioni ikija na mambo yake dawa iwe imeshaingia. Kuhusu pombe tulikubaliana apunguze kwa hatua, na arudi kuonana na daktari kila wiki katika kipindi hicho.

Kilichobaki kilikuwa kilabu chenyewe, maana alikuwa anarudi palepale kila jioni. Nikaenda. Mwenye kilabu ni mama wa umri wa mama yangu, mjane aliyesomesha watoto kwa mbege. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kiti. Nikiwa pale wazee wawili walikuwa wanabishana kuhusu ugonjwa wa corona, mmoja anashikilia kwamba aliyekunywa pombe kali mwaka 2020 alisalimika kwa sababu pombe inaua vijidudu. Hoja hiyo ilikuwa na watetezi wakubwa kuliko yeye: mwaka huohuo gavana wa Nairobi alitangaza kuweka chupa za konyaki kwenye vifurushi vya chakula vya wananchi, eti ni kitakasa koo, na kampuni inayoitengeneza ikabidi itoe taarifa kwamba kinywaji chake hakikingi virusi. Nchini Iran watu kwa mamia walikufa mwaka ule kwa kunywa methanoli.

Nilimweleza mzee kwa hesabu. Kitakasa mikono kinachotegemewa kina kilevi asilimia 60 au zaidi. Mtu aliyelewa hadi hajitambui, damu yake ina asilimia 0.3 hivi. Ikifika 0.4 anaweza kuacha kupumua. Yaani atakufa yeye zamani, na virusi havijapata hata kizunguzungu. Akanyamaza, halafu akauliza kama na ya kusukutua nayo haisaidii. Haisaidii.

Mama akaniuliza wazi: "Mwanangu, umekuja kunifungia biashara?" Nikamwambia nimekuja kuomba mabenchi yatoke nje. Chumba chake kilikuwa cha mabati, dirisha moja, tena limezibwa kwa gunia kuzuia baridi, na jioni watu wanakaa humo wamebanana kwa saa nyingi wakicheka na kukohoa. Watu wa kwetu wanaogopa kata ya kunywea mbege inayozunguka mkono hadi mkono, kumbe kifua kikuu hakiambukizi kwa kata wala kikombe. Kinaambukiza kwa hewa wanayovuta pamoja, na wanaovuta hewa hiyo ni haohao ambao kinga ya mapafu yao imelegezwa na kinachonywewa. Ukitaka mahali ambapo ugonjwa huu utapita kwa urahisi, huwezi kupata pazuri zaidi. Nilimweleza hivyo, akatazama gunia, akamwita kijana wake.

Mabenchi yalitoka, yakawekwa chini ya migomba. Wateja walinung'unika baridi, wakazoea. Lililonishangaza ni alichofanya baadaye bila mimi kumwomba. Akaanza kusikiliza vikohozi. Anawajua wateja wake kuliko sisi tutakavyowajua kwa rejista yoyote: nani amekonda, nani ameacha kumaliza jagi, nani hajaonekana tangu Jumapili. "Wewe, hicho kikohozi kina wiki mbili," anamwambia mtu mbele ya wenzake, "nenda kwa nesi kwanza, mbege utaikuta." Wamekuja wagonjwa kwa namna hiyo ambao kampeni zetu za vipaza sauti hazikuwapata. Na fundi akifika anamwekea chai ya tangawizi kabla hajaomba chochote, kisha anamuuliza kama asubuhi amemeza. Asipojibu vizuri, chai inakuwa ndiyo kinywaji chake cha siku.

Makohozi ya fundi yalikuwa safi mwezi wa tano, na mwezi wa sita pia. Bado ana kovu kwenye pafu. Akipanda ngazi na ndoo ya zege anasimama katikati kuvuta pumzi. Pombe ya kila siku ameiacha. Desemba, wanawe wakirudi kutoka Dar, anakunywa, na ananiambia kiasi gani, kwa hela.

Wodini bado nabishana na wenzangu juu ya faili. Mtu akipokelewa ananuka pombe, kuna mkono unaokimbilia kuandika "mlevi" na kufunga mstari. Naomba tuandike anakunywa nini, kiasi gani, siku ngapi kwa wiki, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Daktari wa zamu ya usiku hawezi kufanya chochote na neno "mlevi". Akiona imeandikwa kwamba mgonjwa alikunywa mara ya mwisho jana saa 2 usiku, anajua leo usiku ni wa kukaa naye karibu, anajua vitamini ya kuanza nayo, na anajua kwamba homa ndogo kwa mtu huyu haimaanishi ugonjwa mdogo.